Mgongo Asubuhi, Ziwa Mchana: Mwongozo Kamili wa Siku Moja ya Kuparamia Miamba Milimani

Mgongo mwembamba wa mlima na ziwa lililotulia chini yake mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa maelfu ya miaka barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, ilikaa ubavuni mwa mlima, ikaukwangua mwamba kwa uzito wake na kwa mawe iliyoyabeba, mpaka ikachimba shimo lenye umbo la bakuli. Barafu ilipoyeyuka, maji yalijaa bakulini na likawa ziwa. Pale ambapo barafuto mbili zilichimba kutoka pande mbili za mlima mmoja, ukuta uliobaki katikati ukawa mgongo uliochongoka kama makali ya kisu. Mlima Helvellyn, kaskazini mwa Uingereza, unalionyesha jambo hili waziwazi: mgongo uitwao Striding Edge umesimama juu ya ziwa dogo la Red Tarn, na anayepita juu huyaona maji chini yake sehemu kubwa ya njia.

Ndiyo maana vyote viwili vinaweza kupatikana katika siku moja: kuparamia mgongo, kisha kuteremka ziwani. Nimesema "kisha" kwa makusudi, kwa kuwa ushauri mkubwa wa mwongozo huu ni wa mpangilio. Mgongo unadai mwili usiochoka, mwamba mkavu na anga tulivu, na vitu hivyo huwa rahisi zaidi kupatikana pamoja asubuhi. Ziwa hufikika hata kwa mtu aliyechoka, hata chini ya mawingu. Anayeanza na ziwa hukaa, huota jua, hula taratibu, kisha huukabili mgongo saa nane mchana akiwa na miguu mizito na wingu jeusi likijikusanya juu ya kilele.

Kuchagua njia

Migongo hailingani kwa ugumu. Wapandaji wa Marekani hutumia madaraja matano: la kwanza ni kutembea njiani, la pili ni ardhi mbovu ambapo mkono hushika jiwe mara mojamoja, la tatu ni kukwea kwa mikono na miguu mahali ambapo kuanguka kunaweza kukuumiza vibaya, la nne ni mwinuko ambao kuanguka kwake kunaweza kuua, na wengi huhitaji kamba, la tano ni ukweaji wa kamba hasa. Mwongozo huu unahusu la pili na la tatu. Njia ikizidi hapo, nenda na kiongozi wa mlima aliyefunzwa, kwa sababu ustadi wa kamba haujifunzwi kwa kusoma.

Chagua njia ya mzunguko, inayopanda kwa upande wenye miamba na kushuka kwa njia ya kawaida inayopita ziwani. Mtu anapopanda, macho yake yako karibu na mikono na huona anachoshika. Anaposhuka, miguu hutangulia mahali ambapo macho hayafiki. Mwamba uliokupandisha kwa dakika kumi unaweza kukushusha kwa nusu saa, tena kwa hofu.

Kaa na ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, si kwa kuitazama tu bali kwa kuifuata njia yote kwa ncha ya kalamu. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikigusana, hapo pana genge. Kumbuka, hata hivyo, kwamba ramani huficha mambo: ikiwa kila mstari unawakilisha tofauti ya mita 20, ukuta wa mita 15 unaweza usionekane kabisa, na ukuta wa mita 15 unatosha kuzuia safari. Weka alama mahali pote ambapo unaweza kuuacha mgongo na kushuka salama kabla ya kuumaliza. Mgongo usio na mahali pa kutokea haufai kuwa wa kwanza kwa mtu yeyote.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 mpandaji wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inafanya kazi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari ya kilomita 12 yenye mpando wa mita 1,200, umbali utachukua saa 2 na dakika 24, na mpando saa 2, jumla saa 4 na dakika 24. Hesabu hiyo haina mapumziko ndani yake, haina picha, wala haina mtu anayesubiriwa. Tena haiujui mgongo: kilomita moja ya kuparamia inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, hasa mkiwa watu wanne au watano mnaopita mmoja mmoja. Mimi huhesabu kutembea kwa kanuni ya Naismith, huongeza saa za mgongo kando, kisha huongeza theluthi moja ya jumla.

Baada ya hapo hesabu kurudi nyuma. Katika milima mingi, msimu wa joto, radi huja mchana baada ya jua kuipasha ardhi moto na hewa yenye unyevu kupanda. Basi weka saa 6 mchana kuwa mwisho wa kuwa mgongoni. Ikiwa mgongo unahitaji saa 3 na kuufikia kunahitaji saa 3, unaanza kutembea saa 12 asubuhi na kuamka kabla ya hapo. Weka pia saa ya kugeuka, iandike, na uwaambie wenzako wote: ikifika kabla hamjafika mahali fulani, mnarudi, hata kilele kikiwa kinaonekana.

Kabla ya kulala, mwachie mtu mmoja anayeaminika ujumbe wenye jina la njia, idadi ya watu, mahali mtakapoanzia, saa mtakayorudi na saa ambayo asipowasikia atapiga simu kwa waokoaji. Namba ya waokoaji wa nchi mliyopo iwe ndani ya ujumbe huo.

Hali ya hewa na mkoba

Utabiri wa mji ulio bondeni hautoshi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 15 bondeni inaweza kuwa nyuzi 5 mita 1,500 juu yake, kabla upepo haujaanza kukuvua joto. Soma utabiri wa kimo cha kilele, na zaidi ya mvua utazame upepo. Kipimo changu ni rahisi: upepo ukikuyumbisha mahali tambarare, usiende mahali pembamba. Mvua ya usiku uliopita nayo ina uzito wake, kwani mwamba wenye ukoga wa kijani ukilowa huteleza kama sabuni.

Mkoba uwe mdogo, uliobana mgongoni, usiozidi mabega kwa upana. Mkoba mpana hugonga mwamba na kukusukuma nje. Ndani yake weka koti la kuzuia mvua na upepo, nguo moja ya joto zaidi ya unavyodhani utahitaji, kofia na glavu, taa ya kichwani yenye betri mpya, ramani ya karatasi na dira, simu iliyojaa chaji na betri ya akiba, kipyenga, vifaa vya huduma ya kwanza, na gunia la plastiki nene au blanketi la dharura ambamo mtu aliyeumia anaweza kuingia. Nguo za pamba ziache nyumbani, kwa sababu zikilowa hubaki baridi mwilini kwa saa nyingi. Viatu viwe na soli ngumu kiasi, yenye kushika mwamba, na visiwe vipya. Kofia ngumu ya kukwea ni ya lazima, kwa kuwa mgongoni jiwe linaloanguka mara nyingi huangushwa na rafiki yako aliye juu.

Usisahau jua. Nguvu ya miale inayounguza huongezeka kwa takribani asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni kwako, kutoka chini, mahali ambapo ukingo wa kofia haukingi.

Kupanda hadi mguu wa mgongo

Saa ya kwanza tembea polepole kuliko unavyotaka. Ukishindwa kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo, maana nguvu unayoimwaga hapa utaitafuta baadaye ukiwa umening'inia kwa vidole. Kunywa kidogo kidogo na ule kabla njaa haijafika. Ukipanda kupita mita 2,500, anza kujichunguza: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio na sababu ni dalili za maradhi ya mwinuko. Mwenye dalili hizo asiendelee kupanda, na zikizidi ashuke mara moja. Mwenzako akianza kuyumba, mwambie atembee mstari mmoja ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa, safari ya kupanda imekwisha na kazi iliyobaki ni kumshusha, tena akiwa na mtu pembeni.

Mgongoni

Simama pale mwamba unapoanzia. Kaza kamba za viatu, funga nywele, vaa kofia ngumu, fungia fimbo za kutembelea nje ya mkoba au uzikunje ndani, na uchomeke kila mkanda unaoning'inia. Kisha uutazame mgongo mzima kwa dakika tano: wapi unapanda, wapi unashuka ghafla, wapi upande mmoja umelala na mwingine umekatika. Picha hiyo ibebe kichwani, kwa sababu ukiwa juu yake utaona mita 20 tu mbele. Msimu wa baridi kali au alfajiri ya umande, gusa mwamba. Ukiwa na utando wa barafu, subiri jua liufikie, au ughairi.

Kanuni ya kwanza ni ya viungo vitatu. Una mikono miwili na miguu miwili. Vitatu vibaki vimeshika wakati cha nne kinahama. Inaonekana ya kitoto mpaka unapojikuta umeinua mguu na mkono kwa pamoja kwa sababu ya haraka, na jiwe la tatu linatikisika.

Kanuni ya pili ni kutoliamini jiwe kabla ya kulihoji. Liwekee kiganja, lisukume kidogo, kisha ligonge kwa kisigino cha mkono. Jiwe lililoungana na mlima hutoa mlio mfupi, mkavu, na mkono unaumia; jiwe lililokaa tu hutoa mlio wa mtungi mtupu, na ukitazama ufa ulio pembeni yake utaona vumbi au chembe za mchanga zikishuka. Jiwe la namna hiyo pengine linaweza kukubeba ukilikandamiza kwenda chini, lakini usilivute kuja kwako hata siku moja. Mazoea ya kuvuta ndiyo huwaangusha wengi: mkono hukimbilia ukingo ulio juu ya kichwa na kuuning'inia, ilhali kilichopaswa kufanya kazi ni mguu. Tafuta mshiko ulio kati ya kifua na macho, simama wima juu ya miguu yako, ondoa tumbo kwenye mwamba ili uone unapokanyaga, na uinuke kwa mapaja.

Kuhusu njia yenyewe, kaa karibu na ukingo wa juu kadiri moyo unavyoruhusu. Mtu mwenye hofu huvutwa na vijia vya pembeni vinavyoonekana kuwa salama, na mara nyingi vijia hivyo humwongoza kwenye kokoto legelege juu ya mteremko, mahali pabaya kuliko alipopakimbia. Mwamba wa juu huwa umesafishwa na upepo na miguu ya watu. Alama za njia iliyopitwa sana ni mwamba uliong'aa na mikwaruzo ya viatu; alama ya njia isiyopitwa ni udongo na majani machanga juu ya kila kikanyagio. Nyayo peke yake si ushahidi. Niliwahi kuzifuata nyayo safi zikipanda korongo jembamba, nikafika pahali zilipogeuka. Aliyezikanyaga alikuwa amepotea kabla yangu, na mimi sikuwa nimetazama nyuma hata mara moja. Kurudi mita hizo chache kulinichukua muda mrefu kuliko kilele chenyewe. Tangu siku hiyo, mahali nisipopajua napanda hatua mbili, nashuka hatua moja, na nisipoweza kuishuka hiyo moja sipandi ya tatu.

Mkiwa kundi, mahali penye mawe yaliyolegea pita mmoja mmoja, wengine wakisubiri kando, wala si chini yake. Jiwe likitoka, piga kelele "Jiwe!" hata kama unadhani hakuna mtu chini, anayesikia asiinue uso kutazama, ajibanze ukutani. Mwenye uzoefu zaidi hutangulia katika kupanda na hubaki wa mwisho juu wakati wa kushuka sehemu ngumu, isipokuwa anapohitajika chini kuwaelekeza wengine pa kuweka mguu.

Hofu itakuja kwa mmoja wenu, na haina aibu. Magoti hutetemeka, macho hukwama kwenye shimo, mikono hukaba mwamba. Mkalishe mahali pana, apumue taratibu, ale kitu, kisha mpe kazi ndogo inayoonekana: mkono huu hapa, mguu huu pale. Usimwambie asitazame chini, maana lazima atazame chini ili aone miguu yake. Mwambie atazame mpaka kwenye viatu, asipitilize. Asipotulia, tumieni njia ya kutokea mliyoiweka alama ramanini.

Katika kushuka sehemu fupi za mgongo kuna namna tatu. Mteremko ukiwa laini, utazame bonde na ushuke ukiwa umekunja magoti. Ukikaza, geuka ubavu. Ukiwa mkali kiasi cha kukufanya utake kukaa kitako, usikae. Geuka uutazame mwamba na ushuke kama unavyoshuka ngazi. Kitako huhamisha uzito kutoka miguuni, na mkoba husukuma kutoka nyuma.

Theluji ikiwa bado ipo, ujihadhari na ukingo wake ulioning'inia upande ambao upepo huelekea. Kwa juu huonekana ni ardhi, ilhali chini yake ni hewa, na unaweza kukatika nyuma kabisa ya mahali unapodhani mwamba unaishia.

Radi ikitangulia

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, ugawe kwa 3, upate kilomita. Sekunde 30 au pungufu ni karibu mno: ushuke kutoka mgongoni kwa upande ulio salama, hata kama siyo upande wa ziwa. Nywele zikisimama au mwamba ukianza kuvuma, ondoka hapo papo hapo. Mkishafika chini, achaneni kwa umbali ili pigo moja lisiwapate nyote, msijibanze chini ya mti uliosimama peke yake wala mdomoni mwa pango dogo, na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukingo wa maji nao si kimbilio.

Kuteremka ziwani

Hapa watu hulegea, na hapa ndipo miguu iliyochoka huteguka. Toa fimbo zako, kaza tena viatu ili vidole visigonge mbele. Kwenye mteremko wa kokoto, kanyaga kwa kisigino, hatua fupi, msishuke mmoja juu ya kichwa cha mwingine. Kwenye majabali makubwa, kanyaga katikati ya jiwe na si ukingoni, uwe tayari lipinduke. Majabali ya chini ya bakuli yaliporomoka kutoka juu, na si yote yaliyokwisha kutulia.

Rangi ya maji itakueleza jambo. Ziwa lenye rangi ya feruzi yenye ukungu linalishwa na barafuto ambayo bado inasaga mwamba: unga laini wa mawe huelea majini na kuutawanya mwanga. Ziwa jeusi au la kijani kizito kwa kawaida halina tena barafu hai juu yake.

Pumzika juu ya mwamba au kokoto, si juu ya majani mabichi ya ukingoni, kwa kuwa msimu wa kuota milimani ni mfupi na alama ya mwili mmoja inaweza kudumu. Haja kubwa ifanyie angalau mita 60 kutoka majini, katika shimo la sentimita 15 hadi 20. Mahali pa mwamba mtupu beba kila kitu katika mfuko. Maji hata yawe maangavu vipi, yatibu kabla ya kunywa. Kuchemsha kwa dakika 1 kunatosha, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto dogo. Ukitumia vidonge, maji baridi yanahitaji muda mrefu zaidi.

Ukitaka kuoga, na ninakiri ni vigumu kujizuia, usiruke. Maji ya baridi kali yakimpata mtu ghafla humlazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari, na kichwa kikiwa chini pumzi hiyo ni maji. Ingia kwa miguu, ujimwagie shingo na kifua, usubiri pumzi itulie, ubaki mahali ambapo unagusa chini na mwenzako yuko ukingoni. Dakika chache zinatosha. Toka kabla ya kutetemeka, jifute na uvae nguo kavu upesi, kwa kuwa mwili huendelea kupoa hata baada ya kutoka. Mafuta ya jua yaliyo mwilini yafute kwanza kwa kitambaa, yasibaki ziwani.

Unapoondoka, tafuta njia, usiufuate mto. Bakuli la barafuto aghalabu huning'inia juu ya bonde kuu, na mto unaotoka ziwani hufika kwenye mdomo wa bakuli na kujirusha. Maji hayana cha kupoteza yakianguka. Njia ya watu kwa kawaida huuacha mto mita kadhaa kabla ya maporomoko na kuzunguka kwa zigizaga. Ukiona ngurumo ya maji inaongezeka na njia imepotea, rudi mpaka ulipoiona mara ya mwisho.

Mambo yakiharibika

Mtu akiumia, kwanza hakikisha jiwe lingine haliji. Zuia damu, mvalishe nguo zote kavu, weka mkoba au kamba chini yake maana ardhi hufyonza joto kuliko hewa, kisha omba msaada. Ishara inayotumika Uingereza na katika milima ya Alps ni milio 6 ya kipyenga au mimweko 6 ya taa ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, halafu kurudia. Jibu ni milio 3. Amerika ya Kaskazini ishara 3 ndizo za kuomba msaada. Helikopta ikija, inua mikono yote miwili kama herufi Y kumaanisha ndiyo, na mmoja juu mmoja chini kumaanisha hapana. Vitu vyepesi vifungwe visipeperuke.

Kurudi

Mkifika mwanzo wa njia, mpigie yule uliyemwachia ujumbe kabla ya kuvua viatu. Waokoaji wamewahi kutafuta usiku watu waliokuwa wamelala vitandani. Kisha, kabla kumbukumbu haijafifia, chukua kalamu na uandike pembeni mwa ramani saa halisi za kila kipande karibu na zile ulizokadiria: kupanda hadi mguu wa mgongo, mgongo wenyewe, kushuka ziwani, ziwa hadi bondeni. Baada ya safari mbili tatu utakuwa na kanuni yako mwenyewe, inayokujua kuliko ya Naismith, na ndiyo utakayoitumia kupanga saa ya kuamka kwa mgongo unaofuata.